Makapi ya Alizeti na Kituo cha Mawe Mapana

Vijana wa magangi ya matengenezo ya reli, na ninyi mnaosoma ramani za njia kwenye simu, mmeniuliza zaidi ya mara moja. Pale Mawe Mapana, treni ikikaribia kuingia Singida mjini, kuna jukwaa la saruji refu kuliko yale ya vituo vingi vya tawi letu. Kuna jengo lenye bati la kutu na tangi la maji tupu, lakini treni haisimami. Lilijengwa kwa ajili ya nani, na kwa nini limefungwa? Sasa nimestaafu, nafasi ninayo, na hakuna mtu aliye hai anayekijua kile kituo kuliko mimi. Hilo nalisema bila kujivuna, ingawa hata nikijivuna nina haki.

Kwanza mnijue anayewaandikia. Nimezaliwa upande wa Mgori, kwenye nyumba ya tembe, baba akiwa na mbuzi wachache na shamba la uwele. Hakuna aliyenishika mkono. Ada ya sekondari niliitafuta mwenyewe kwa kurina asali, na makovu ya nyuki ninayo mpaka leo kwa anayetaka kuyaona. Nikafika chuo cha reli, nikatoka na stashahada ya ufundi wa njia. Ukiuliza pale kijijini nani alikuwa wa kwanza kurudi na stashahada, utaonyeshwa nyumba yenye bati la bluu. Ni yangu.

Nilianzia kazi mbali, Tabora kisha Morogoro. Nafasi ya msimamizi wa njia ilipopatikana tawi la Singida, wenzangu walijificha. Waliniambia huko ni upepo na mawe matupu. Mimi niliomba mwenyewe. Nilitaka watu wa nyumbani wanione nikipita relini juu ya toroli.

Basi siku ya kwanza nilifika Mawe Mapana hivyo hivyo, nimesimama juu ya toroli, shati jeupe, vijana wa gangi wanasukuma. Kwenye ukingo wa jukwaa alisimama stesheni masta, Mzee Yusufu, kofia imenyooka, vifungo vya koti vinang'aa. Miguuni hakuwa na kitu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi msomi tuliyeambiwa?"

"Ndiye mimi."

"Vua viatu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaelekeza kidole chini. Jukwaa zima lilikuwa limeanikwa alizeti, nyeusi tii, na kina mama walikuwa wanaigeuza kwa mikono. "Hapa hapakanyagwi na viatu," akasema. "Chakula cha watu hiki." Nikavua. Vijana wa gangi walicheka mpaka toroli likaanza kurudi lenyewe kwenye mteremko, wakalikimbilia. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini nyumbani, mimi na stashahada yangu, miguu mitupu.

Mzee Yusufu hakuwa wa idara yangu, lakini nimejifunza kwake kuliko kwa wakubwa wengi. Yeye ndiye aliyenizoesha, kabla ya kuuliza kwa nini treni imechelewa, niulize kwanza kama saa ya ukutani inakwenda. Yeye pia ndiye aliyenieleza kwa nini kituo kilikuwa pale, jambo lililokuwa linanisumbua kichwa tangu siku ile. Mtu mwenye akili timamu hajengi kituo kwenye mwinuko. Treni ikisimama hapo ikipanda, kuondoka ni taabu. Kwa nini basi hawakukiweka chini, kwenye tambarare?

"Maji," alisema Mzee Yusufu.

Reli ya kwanza kupita huku iling'olewa kabla mimi sijazaliwa. Wakati huo vichwa vya treni vilitumia mvuke. Maji ya maziwa yetu ya pale mjini yana chumvi, na chumvi huua boila. Maji matamu ya mwisho kabla ya mjini yalikuwa yanachuruzika katikati ya mawe pale. Kwa hiyo treni ilisimama pale inywe, na penye treni iliyosimama watu hupanda. Miaka mingi baadaye reli iliporudishwa, wajenzi walifuata tuta lilelile la zamani, na kituo wakakirudisha palepale, ingawa dizeli hainywi maji ya chemchemi. Na jukwaa lilikuwa refu kwa sababu halikuwa na gharama. Walikuta jabali limelala tambarare kama mkeka, wakalimwagia saruji juu, wakamaliza.

Sakafu ya namna hiyo haikuwepo kwingine kote kule. Kuanzia mavuno ya alizeti, kina mama waliipuria hapo na kuipeta hapo, maana upepo unapita katikati ya majabali mawili na kuvuka jukwaa moja kwa moja, mchana kutwa. Mzee Yusufu aliwaruhusu kwa sharti moja: kabla ya kila treni, jukwaa lifagiliwe liwe safi kama sahani. Nao walifagia. Kituo kikapata zawadi ya usafi ya tawi zima. Cheti kilitundikwa kwenye fremu juu ya dirisha la tiketi, na mzee alikuwa akikipangusa kila asubuhi.

Sasa nifike kwenye ile kesi ngumu, maana najua hiyo ndiyo mnayoitaka.

Treni ilishuka kwenda Manyoni asubuhi na kupanda kurudi mchana. Ilipopanda na kusimama Mawe Mapana, kuna siku iligoma kuondoka. Magurudumu ya kichwa yalizunguka papo hapo, chuma kinalia, moshi, abiria wanachungulia madirishani, treni haisogei hata hatua. Dreva alilazimika kurudi nyuma mpaka tambarare kuchukua kasi, kisha kupita kituoni bila kusimama. Dreva wa treni ile alikuwa Kasimu, Mnyiramba wa Kinampanda, kwa hiyo mtani wetu sisi Wanyaturu, na hakuacha kutumia haki yake.

"Fundi msomi," aliniitia toka dirishani, "reli zako zimelewa! Ninyi Wanyaturu mmezinywesha nini?"

"Wewe ndiye hujui kuendesha, mtani. Ungebaki kuchunga punda Kinampanda."

"Punda hapandi huu mlima wako. Ana akili kuliko mimi."

Kilichonishangaza ni majira. Ninyi mnajua kwamba gurudumu huteleza wakati wa mvua, reli ikiwa imelowa. Hapa ilikuwa kinyume. Masika treni iliondoka vizuri tu. Ilianza kugoma kiangazi, jua kali, reli kavu. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kasimu alisema chuma ni kibovu. Vijana wa gangi walisema jabali lina mwenyewe na hapendi kelele. Wakubwa toka makao makuu walisema ni mwinuko. Nikawajibu: mwinuko haubadiliki na majira. Niliupima mwenyewe kwa pima maji, kiangazi na masika, ukatoka uleule. Walinisikiliza, wakaandika kwamba ni mwinuko.

Kisha akaja mkaguzi, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Akatuambia mbele ya watu wote jukwaani: wiki ijayo atapanda treni ya mchana mwenyewe. Ikikwama tena, kituo kinaondolewa kwenye ratiba, treni itapita tu.

Mama Salome alikuwa amesimama nyuma yake na matenga mawili ya kuku. Alikuwa mjane, mfanyabiashara wa kuku, mtu wa maneno machache ya heshima na mengi yasiyo na heshima. Alinunua kuku kwenye nyumba za kule bondeni, akashuka nao na treni ya asubuhi mpaka Manyoni, akarudi na ya mchana. Treni isiposimama, ingembidi abebe matenga kichwani mpaka mjini, juani, akipita juu ya mawe.

"Baba," alimwambia mkaguzi, "kuku wa kwanza kufa njiani nitakuletea wewe umpike."

"Mama, mimi nafuata utaratibu."

"Kuku hawajui utaratibu. Wanajua jua."

Mkaguzi alipoondoka, akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu, tulisikia umesoma. Umesomea nini, kupita juu ya toroli?"

Siku iliyofuata nilifika pale asubuhi kabla ya treni na kukaa kutwa nzima. Nilichukua nyundo ya mpini mrefu, nikagonga reli kipande kwa kipande kusikiliza kama kuna ufa au bolti iliyolegea. Hakuna. Nikatoa mfukoni kitambaa changu cheupe cha jasho, nikapangusa mgongo wa reli. Kikatoka na vumbi tu. Treni ya asubuhi ikapita kwenda chini, nikapangusa tena. Safari hii kitambaa kikatoka na weusi unaong'aa. Nikaunusa. Haukuwa wa oili ya mashine. Oili ya mashine naijua kama ninavyojua jasho langu. Hii ilikuwa harufu ya jikoni.

Nikageuka kuangalia jukwaa. Kina mama walikuwa wamesimama na ungo, wanapeta, na upepo unabeba makapi. Unayapeleka wapi? Kwenye reli. Pamoja na makapi zilikwenda punje nyepesi, zile zisizojaa vizuri. Lakini hizo ni chache. Nikaendelea kukaa. Ilipokaribia saa ya treni ya mchana, Mzee Yusufu akapiga kengele, na kina mama wote wakashika fagio. Wakafagia jukwaa kwa bidii, toka ukutani kwenda ukingoni, na takataka yote, makapi na punje zilizobaki kwenye nyufa za saruji, wakaisukuma ikaanguka chini. Juu ya reli. Jukwaa likabaki safi kama sahani.

Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Kituo kisafi kuliko vyote tawi zima kilikuwa kinakamua mafuta ya alizeti kwa treni! Asubuhi magurudumu yanaponda punje za jana, jua linayayeyusha mafuta na kuyatandaza, na kabla tu ya treni ya mchana yanaongezewa punje mpya. Masika hakuna alizeti ya kupeta, na mvua inaosha. Wakubwa walikuwa na ofisi na vipimo vya kila aina, na hakuna hata mmoja aliyenusa reli. Nilinusa mimi.

Kumweleza Mzee Yusufu kulikuwa kugumu kuliko kugundua. Alinisikiliza, akaangalia kile cheti, akaniangalia mimi.

"Unasema usafi ndio uliokwamisha treni?"

"Nasema ufagio ulielekea upande usio wake, mzee."

"Nimekaa kituoni hapa tangu kifunguliwe. Sijawahi kuona treni inakwamishwa na ufagio."

"Nusa hiki kitambaa."

Akanusa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mkaguzi atajua kwamba niliwaruhusu mimi?"

Nikamwambia mkaguzi atajua kitu kimoja tu, treni imeondoka au haikuondoka.

Kina mama nao hawakukubali kirahisi. Nilipowaambia wahamie nyuma ya jengo, Mama Salome alinicheka. "Nyuma hakuna upepo. Alizeti tuipete kwa midomo?" Mwingine akasema bora kituo kife, maana treni yeye hapandi, ila alizeti anakula. Mama Salome akamgeukia. "Mtoto wako alipoumwa ulimpeleka hospitali na alizeti?" Walirushiana maneno kwa Kinyaturu, mengine siwezi kuyaandika hapa, nami nikaona nisipotoa shauri la kitaalamu tutakuwa pale mpaka jioni.

Shauri langu lilikuwa hili. Jukwaa ni refu, treni ni fupi. Kichwa cha treni ndicho kinachovuta, kwa hiyo magurudumu yake ndiyo yanayohitaji reli safi. Kina mama wapete kwenye ncha ya chini, ambako ni behewa la mwisho tu husimama, tena watandike turubai ukingoni kuzuia punje. Wafagie kurudi ukutani, wazoe, waweke kwenye magunia, makapi wakawashie moto nyumbani. Nami nikasogeza kibao cha kusimamia treni mbele zaidi, kichwa kisimame mbali na upepo wao.

Ikabaki reli yenyewe, iliyokuwa imelamba mafuta msimu mzima. Chuoni hawakutufundisha kuosha reli. Lakini mimi nimeosha vyombo kwa mama yangu tangu nikiwa mdogo, na sufuria ya mafuta huoshwa kwa majivu. Nikaagiza majivu. Yalikuja kwa ndoo na mabeseni toka kila nyumba, na gangi langu lote likapiga magoti kwenye mataruma, wanasugua reli kwa magunia yaliyolowa, kuanzia mbele ya jukwaa mpaka kona ya juu. Kasimu alipopita asubuhi akapunguza mwendo ili atutukane vizuri.

"Wanyaturu! Mkimaliza hapo, na sahani zangu ziko nyumbani!"

Siku ya mkaguzi ilifika. Treni ya mchana ilikuja imejaa, watu na mizigo, na mkaguzi alikuwa kwenye kichwa, kasimama nyuma ya Kasimu. Ikapita kibao cha zamani, ikasimama kwenye kipya. Mama Salome akashuka na matenga matupu, lakini hakwenda nyumbani. Alisimama pembeni yangu. Kina mama wote walikuwa wamesimama ukutani na fagio mikononi, kama askari. Mzee Yusufu akapeperusha bendera ya kijani.

Kasimu akafungua taratibu. Kichwa kikanguruma, viungio vya mabehewa vikanyooka kimoja baada ya kingine, ko, ko, ko. Gurudumu la mbele likazunguka nusu mzunguko bila kushika. Mama Salome alinishika mkono, kucha zikaingia. Kasimu akapunguza, akamwaga mchanga kidogo relini ili magurudumu yashike, akafungua tena. Na treni ikaondoka. Iliondoka polepole, kama mzee anayenyanyuka kwenye kigoda, lakini haikurudi nyuma hata kidogo, na kwenye kona ya juu Kasimu akapiga honi ndefu ambayo nadhani walisikia mpaka Kinampanda kwao.

Kina mama walipiga vigelegele. Mkaguzi aliandika kwamba mwinuko umefanyiwa marekebisho. Wala sikumsahihisha. Mama Salome aliniletea jogoo, na akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Kumbe toroli lilikuwa la kufikia tu."

Kituo kile kiliishi miaka mingi baada ya siku hiyo. Mimi nilihamishwa huku na huko, na kote nilikopelekwa niliwaambia vijana wanuse kabla ya kupima. Mzee Yusufu alistaafu na cheti chake akaenda nacho nyumbani, na sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Nilirejea tawi la Singida nikiwa nimebakiza muda mfupi nami nistaafu, na kazi mojawapo ya mwisho niliyopewa ilikuwa kwenda Mawe Mapana kufungua kibao na kung'oa vifaa vya njia ya kupishana. Uamuzi ulikuwa umeshatoka. Treni isingesimama tena.

Nilimkuta Mama Salome jukwaani, amezeeka, macho yaleyale. Kando yake kuku wawili wamefungwa miguu. Alikuwa amesikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, safari hii tumekosea wapi? Tunafagia kurudi ukutani mpaka leo. Njoo uangalie."

Alinishika mkono, akanipeleka mpaka ukingoni nikaangalie reli. Niliinama, kwa ajili yake, nikapangusa kwa kidole. Ilikuwa safi, na juu yake kutu nyepesi, maana treni zilikuwa zinapita kwa nadra.

"Hamjakosea, mama. Reli haina kitu."

"Treni inakwama?"

"Haikwami."

"Sasa?"

Nimeeleza mambo magumu mbele ya wahandisi wenye digrii nikaeleweka, lakini pale nilikosa pa kuanzia. Nikamwambia abiria wamepungua, wengi siku hizi wanapita barabarani, lami imefika.

"Wasafiri gani hao wanaopita barabarani?" aliuliza kwa hasira. "Mimi siwajui." Kisha akaangalia nyuma ya jengo, kwenye kivuli nilikoegesha. "Na wewe leo umekuja na nini?"

"Na gari la ofisi."

"Mimi nimekuja na bodaboda," akasema.

Vijana wangu walikuwa wameshaanza kufungua bolti. Akawatazama mpaka kibao kikalala chini, kisha akafunga khanga yake vizuri, akachukua kuku wake. "Bodaboda wangu ameshaondoka. Utanipa lifti, au lifti nayo ina mkaguzi?"

Nikamfungulia mlango wa mbele. Kuku tuliwaweka nyuma, juu ya koti langu. Njia nzima alilalamika: kuhusu reli, kuhusu wakubwa, kuhusu mkaguzi yule mwenye sauti ndogo, kuhusu vijana wasiojua kupanga matenga kwenye behewa, na mimi niliyesoma nikashindwa kuizuia lami. Tulifika mjini kabla hajamaliza.